Napiga gita na nina kisukari: nitoboe kidole kipi, na nile saa ngapi siku ya shoo?

MamaNyuzi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mama wa miaka 52, kisukari aina ya 2, natumia vidonge vya kushusha sukari, metformini na gliklazidi. Insulini bado. Gita nalipiga tangu usichana, na sasa watoto wamekua nimerudi kwenye bendi: rizimu mara nyingi, solo wakinionea huruma. Wale wa mizizi na dawa za miujiza naomba mpite tu, sikuja kwa hilo. Nina maswali matatu ambayo kliniki nikiuliza najibiwa "punguza wanga, fanya mazoezi", kisha anaitwa mgonjwa mwingine.

La kwanza ni vidole. Mkono wa kushoto ncha zote zina sugu, ngumu kiasi kwamba natoboa na damu haitoki. Nikiongeza kina cha kisindano inatoka, lakini siku hiyo nikibonyeza uzi mwembamba naona nyota za mchana. Mkono wa kulia ndio wa kukwanyua, na sipigi kwa kipande cha plastiki, kwa hiyo gumba, shahada, cha kati na cha pete vyote viko kazini. Kimebaki kidole cha mwisho cha kulia, na maskini kimeshatobolewa mpaka kinafanana na kichungio cha chai.

La pili ni siku ya shoo. Tunapanda saa tatu usiku, tunashuka saa sita na kitu. Nikila sahani ya wali saa mbili, jukwaani mwili unakuwa mzito na wakati wa mapumziko nakuta sukari 13 (mashine yangu inasoma mmol, wa miligramu zidisheni kwa 18). Nikila kidogo au nisipokula, mambo yanakuwa ya ajabu zaidi: napima robo saa kabla ya kupanda nakuta 11.2, na tumboni hakuna kitu tangu mchana! Halafu nikifika nyumbani jasho, mikono inatetemeka, napima 3.6. Inapandaje bila chakula, na kwa nini inaporomoka baadaye?

La tatu ndilo linaninyima usingizi. Mkono wa kushoto, gumba, shahada na cha kati vinakufa ganzi, usiku zaidi. Nikiukung'uta mkono inapungua. Mume wangu anasema ni sugu tu. Mimi naogopa ni ile ganzi ya kisukari, kwamba ipo siku nitabonyeza nyuzi nisijue nimebonyeza upi. Watu wananitisha na macho na figo, mimi hofu yangu ni vidole. Mnisamehe.

BesiYaChini

Shikamoo mama. Mimi aina ya 1 tangu utotoni, besi. Nianze na vidole.

Usitoboe katikati ya ncha. Toboa ubavuni mwa kidole, karibu na kucha lakini si kando kabisa ya kucha. Pale maumivu ni machache, na si pale unapobonyezea uzi. Kila kidole kina mbavu mbili, kwa hiyo hesabu yako ya vidole inaongezeka. Na kuna kidole ulichokisahau: gumba la kushoto. Linakaa nyuma ya shingo ya gita, halina sugu, na linalogusa mbao ni tumbo lake, ubavu uko huru. Mimi hilo ndilo langu la siku zote. Baadhi ya mashine zinaruhusu pia kupima kwenye kiganja, sehemu ya nyama chini ya gumba. Soma karatasi ya mashine yako kwanza.

Mbali na sugu, damu haitoki pia vidole vikiwa vya baridi au ukiwa na haraka. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha, ning'iniza mkono chini kidogo, kisha kamua taratibu kuanzia shina la kidole. Kunawa kuna faida nyingine. Ukimenya tunda kisha ukapima bila kunawa, ile sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye tone na mashine inakupa namba ya kutisha ya uongo. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuiondoa, maji ndiyo. Kama huna maji, futa tone la kwanza upime la pili.

Badilisha kisindano kila mara, butu ndiyo inayouma. Na usimwazime mtu. Kwenye bendi yetu mpiga ngoma aliwahi kuishika mashine yangu akitaka "kujaribu tu". Nilimnyang'anya. Homa ya ini inaambukizwa kwa njia hiyo hiyo, hata ukibadilisha sindano na kuacha kile kifaa cha kutobolea.

Sasa 11 bila chakula. Hiyo ni presha ya jukwaa. Mwili ukisikia mambo makubwa yanakuja unamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za msongo, na ini linafungua ghala lake la sukari. Wanaokimbia mbio fupi kwa nguvu zote wanaiona hiyo, na wanaofanya mtihani. Usiifukuze kwa kuongeza kidonge, kwa sababu haikai. Ukishazama kwenye muziki adrenalini inashuka, umesimama saa tatu, misuli inakula sukari na inaendelea kujaza akiba yake hata baada ya shoo. Gliklazidi nayo inasukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujala. Ndiyo maana nyumbani unakuta 3.6. Metformini peke yake ni nadra sana kukufikisha huko. Mshukiwa ni huyo mwenzake.

Kwa hiyo usipande ukiwa hujala. Ila wali usiwe wa kwanza mdomoni. Anza na mboga, maharage au samaki au yai, wali uje mwisho na upungue. Chakula kilekile kwa mpangilio huo kinapandisha sukari polepole zaidi. Ukimaliza kula tembea dakika kumi au kumi na tano, hata ni kubeba nyaya kwenda na kurudi. Ukila mapema kama saa moja unakuwa umeshatulia unapopanda. Saa ya kumeza gliklazidi siku za shoo ongea na daktari wako, na umpelekee hizo namba zako tatu: kabla, mapumziko, nyumbani. Ukimwambia tu "huwa inashuka", utarudishwa kwenye "punguza wanga".

Kwenye mfuko wa gita weka glukosi, au soda yenye sukari, ile ya kawaida. Chini ya 4: gramu 15, yaani kama mililita 150 za soda au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Chokoleti hapana, mafuta yake yanaichelewesha sukari. Na wanaokununulia bia ukishuka jukwaani uwaambie asante: ini likishughulika na pombe linasahau kutoa sukari, na kushuka kwake kunaweza kukukuta saa nne mbele ukiwa umelala.

MtuWaMazoezi

Mama acha wali, mkate, viazi, kila kitu cha wanga. Mimi niliacha vyote, sukari ikashuka yenyewe. Hakuna cha kuuliza.

BesiYaChini

Mkuu, wewe unatumia dawa gani? Mama anatumia gliklazidi. Akikata wanga wote ghafla na kidonge kikabaki kilekile, ataanguka na gita lake. Anaweza kupunguza, ndiyo, lakini dozi ipitiwe na daktari kwanza.

MtuWaMazoezi

Mimi metformini tu. Sawa, nimekupata.

TibaYaMikono

Nafanya kazi ya tiba ya viungo, mikono zaidi, na wanamuziki huja wengi. Dada, nakujibu hilo la tatu, ingawa bila kuushika mkono wako siwezi kusema ni hiki.

Ganzi ya kisukari kwa kawaida haianzii kwenye vidole vitatu vya mkono mmoja. Inaanzia kwenye neva ndefu kuliko zote, yaani nyayo, miguu yote miwili, inapanda kama soksi. Mikono huwa inafuata ganzi ikishakaribia magoti. Nyayo zako zikoje? Ukizikanyaga sakafu unahisi baridi yake?

Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete, usiku zaidi, ukikung'uta inapungua: hiyo ni picha ya neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Neva hiyo inapita kwenye uwazi mwembamba pamoja na kano za vidole, na mpiga gita anayekunja kifundo kwa saa nyingi anaubana zaidi. Wenye kisukari wanaipata kuliko wengine, kwa hiyo kisukari kina mkono wake hapo, lakini si kile unachokiogopa. Ingekuwa kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, ningetazama kiwiko.

Fanya jambo moja sasa hivi. Kutanisha viganja kama mtu anayesali, vidole vimenyooka, viwiko vimeinuka. Je, viganja na vidole vinagusana mpaka chini, au panabaki uwazi? Uwazi unaonyesha viungo vinakakamaa. Sukari ikikaa juu miaka mingi inagandisha nyuzinyuzi za ngozi na kano. Inakuja bila maumivu, mpiga gita ndiye anayeigundua mapema kwa sababu hafiki tena zile nyuzi za mbali. Ndugu yake ni kidole kinachokunjika kikagoma kunyooka, kisha kinafyatuka. Pia bega kuganda.

Ukiwa kliniki waombe wakupime vitamini B12. Metformini ikitumika muda mrefu inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao unaleta ganzi. Wengi hawaulizi. Na kama utafikia hatua ya kuchomwa sindano ya steroidi mkononi, inasaidia, ila ujue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Mwambie anayekuchoma kwamba una kisukari.

Kwa sasa: splinti ya kifundo usiku, yaani kifaa cha kuzuia kifundo kisikunjike, iliyonyoosha mkono, usiikaze. Na gita liinue. Kichwa cha gita kikiwa juu, usawa wa bega, kifundo kinanyooka chenyewe. Lile pozi la gita magotini ni zuri kwa picha tu.

MamaNyuzi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya hilo la kusali: vingine vinagusana, ila cha mwisho cha kushoto kinabaki mbali kidogo na mwenzake. Nyayo baridi nazisikia vizuri. Gumba la kushoto, mwanangu BesiYaChini, umenifungulia dunia, damu inatoka kama bomba.

Shoo ya Jumamosi nilikula saa moja, maharage na mboga kwanza, wali nusu. Kabla ya kupanda 10.8, nikaiacha kama ulivyosema. Mapumziko 8.1. Nyumbani 5.9, nikala yai moja nikalala. Siku moja si ushahidi, najua, lakini namba nimeziandika zote kwenye daftari la nyimbo na ndizo naenda nazo kwa daktari, na B12 nitaiomba. Splinti imepatikana, usiku wa kwanza nimeamka mara moja tu badala ya kila saa.

TibaYaMikono, swali la nyongeza: huwa napiga peku ili nisikie pedali chini ya kidole gumba cha mguu. Kuna ubaya?

TibaYaMikono

Upo. Jukwaani kuna skrubu, vipande vya waya, na siku moja mtu ataangusha amplifaya. Leo unasikia baridi ya sakafu, lakini kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hupona kwa shida hata kabla ganzi haijaingia. Vaa kiatu chembamba cha soli laini, ukikung'ute kabla ya kuvaa, na ukifika nyumbani angalia nyayo kwa kioo. Pedali utaizoea.

BesiYaChini

Mama, nyuzi zako ni za unene gani? Kama ni seti ya namba 12, zile nene, mkono huo unabonyeza kazi ya bure.

MamaNyuzi

Ni 12, za gita kavu, nazipenda kwa sauti yake nene. Sawa, nitajaribu 11 na nishushe toni nusu, mwimbaji wetu atafurahi maana zile za juu hazifiki tangu zamani. Kiatu nitaazima kwa binti yangu.