Naomba ushauri: pedeli za baiskeli isiyo na frii

Habari zenu wakuu. Niko Mwanjelwa, Mbeya. Nimenunua baiskeli ya mtumba ya mashindano ya uwanjani, ile ya gia moja isiyo na frii: tairi la nyuma likizunguka, na pedeli zinazunguka, hakuna kupumzisha miguu. Breki ya mbele nimeshafunga.

Juzi kwenye mteremko wa Iwambi mguu wa kulia ulichomoka, pedeli ikazunguka na kunipiga muundi hadi damu. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Sitaki irudie tena.

Nimejaribu kufunga miguu kwa vipande vya tyubu. Vinashika kweli, ila kuchomoa mguu ukisimama ni kazi. Pedeli nilizonazo ni za plastiki, uzi wa inchi 9/16. (Ya kushoto hufunguka kinyume, fundi nusura aue uzi wa krenki, ule mkono unaoshika pedeli.)

Sasa nauliza: kwa anayeendesha pia kwenda kazini na raba za kawaida, nichukue pedeli za chuma zenye vizimba vya kuingiza ncha ya kiatu na mikanda ya kukaza, au nijichange ninunue SPD, zile pedeli zinazonasa kipande cha chuma chini ya kiatu maalumu, na viatu vyake? Na mikanda ya ngozi aliyoshona fundi viatu, kuna aliyeitumia ikahimili mvua zetu za huku?