Naomba ushauri: GPL toleo la 2 na OpenSSL 3 ndani ya programu moja

Muulizaji: Wakuu, habari za kazi. Ninatunza programu ya kuhamisha mafaili, iliyoandikwa kwa C, na sasa nataka kuisambaza ikiwa imeshajengwa pamoja na maktaba zake. Msimbo wangu uko chini ya leseni ya MIT, yenye masharti machache. Unaunganishwa na maktaba ndogo ya kuchambua data iliyo chini ya GPL toleo la 2 (leseni inayotaka programu nzima inayosambazwa ifuate masharti yake), na pia na OpenSSL 3 (maktaba ya kulinda mawasiliano kwa usimbaji fiche), ambayo ilitoka 2021 ikiwa chini ya leseni ya Apache 2.0. Naambiwa GPL toleo la 2 na Apache 2.0 hazipatani. Je, nirudi OpenSSL 1.1.1, au kuna njia nyingine?

Jibu la 1: Usirudi huko, ndugu. Matengenezo ya wazi ya 1.1.1 yalikoma Septemba 2023, na leseni yake ya zamani ilikuwa na sharti la kuutaja mradi kwenye matangazo, sharti ambalo GPL hailikubali. Kikwazo cha Apache 2.0 ni kingine: anayefungua kesi ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) dhidi ya programu hupoteza haki za hataza alizopewa, ilhali GPL toleo la 2, kifungu cha 6, inakataza kumwongezea mpokeaji vizuizi ambavyo yenyewe haina. Toleo la 3, la 2007, linayapokea masharti ya namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kung'oa chochote, soma maelezo yaliyo juu ya kila faili la ile maktaba ndogo, kwa sababu faili liitwalo COPYING ni nakala ya leseni tu na haikuambii mwandishi aliruhusu matoleo yapi. Ukikuta "au toleo lolote la baadaye", chagua la 3, kisha sambaza programu nzima kwa masharti hayo. Msimbo wako utabaki na MIT yake.

Muulizaji: Ahsante sana. Nimekagua: karibu yote yanasema hivyo, isipokuwa mafaili mawili ya kusoma tarehe, yaliyoandikwa "toleo la 2 pekee". Nikiunganisha wakati wa kuendesha programu badala ya wakati wa kuijenga, nitakuwa salama?

Jibu la 2: Kwa msimamo wa Free Software Foundation, walioiandika GPL, hapana, namna ya kuunganisha haibadilishi jambo. Waandikie wenye hakimiliki ya mafaili hayo mawili, wote, uwaombe ama waongeze "au la baadaye", ama watoe ruhusa ya ziada ya kuunganisha na OpenSSL. Mtunzaji wa mradi hawezi kuwajibia wachangiaji ambao bado wanamiliki haki zao, na jibu lao lihifadhiwe kwa maandishi ndani ya hazina ya msimbo.

Jibu la 3: Wasipojibu, ipo GnuTLS, maktaba mbadala wa OpenSSL, yenye LGPL (ndugu ya GPL iliyo na masharti mepesi) toleo la 2.1 au la baadaye, ila kagua na maktaba inazozitegemea: Nettle na GMP zinatolewa kwa LGPL 3 au GPL 2, nawe hapo utatumia GPL 2, kwa kuwa mafaili yale mawili hayaruhusu toleo jingine. Lakini kwa mafaili mawili tu ya tarehe, mimi ningeyaandika upya bila kunakili, nikayatoa chini ya MIT, na OpenSSL ikabaki ilipo.