Nimekabidhiwa maktaba ya shule na kompyuta 8 bila intaneti, nianzie wapi?

Ticha_wa_Kata
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia kwenye shule moja ya kata, mwaka huu nimebandikwa na umaktaba juu yake (posho hamna, msiniulize). Chumba kipo, rafu zipo, vitabu vya kiada vipo kiasi, halafu kuna rundo la vitabu vya msaada kutoka nje, humo ndani nimekuta mpaka mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Sasa tumeletewa kompyuta 8 za mezani, zimetumika ila zinawaka vizuri, intaneti hakuna, na mkuu wa shule anataka zifungiwe stoo zisiharibike.

Kilichonileta hapa ni hiki. Likizo niliwapa kidato cha tatu kazi ya Vita vya Majimaji. Watoto 14 wameniletea maelezo yaleyale neno kwa neno, wote wanasema vita vilianza 1891 na kiongozi alikuwa Mkwawa, yaani wamebeba habari za Wahehe kupigana na Wajerumani pale Lugalo wakazimwaga kwenye Majimaji. Wamekopi kwenye simu za wazazi, na mmoja kaandika kwa kalamu ya wino kabisa "bofya hapa kusoma zaidi". Nilicheka, baadaye nikasikitika maana kitabu chenye mwaka sahihi, 1905, kiko maktaba na hakuna aliyekigusa. Mwenye uzoefu anisaidie mawazo.

Mkutubi_Mstaafu
Mwalimu wangu, pole na hongera kwa pamoja. Kompyuta ziache kidogo, anza na funguo. Maktaba inafunguliwa saa ngapi na nani anakaa pale? Kama ufunguo uko mfukoni mwako na wewe una vipindi mpaka saa nane, basi hiyo bado ni stoo tu yenye vitabu.

Pili punguza. Vitabu vya theluji vitoe rafuni bila huruma, mtoto akivuta vitatu vya hovyo cha nne havuti. Vilivyobaki vipange kwa somo, ukiweza kwa namba za Dewey, ule mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa somo (sayansi 500, historia na jiografia 900), ukishindwa bandika karatasi za rangi mgongoni mwa kitabu inatosha kabisa. Nenda maktaba ya mkoa ukaongee na wakutubi wa Bodi ya Huduma za Maktaba, watu hawajui tu lakini wale hushauri na shule.

Halafu hiyo karatasi ya "bofya hapa" usiitupe, ndiyo kipindi chako cha kwanza. Wape kitabu, waambie watafute Kinjeketile, yule kiongozi wa Majimaji, ndani ya dakika 2 bila kusoma kurasa zote. Utaona wanaanza ukurasa wa kwanza, hawajui kama nyuma kuna faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake! Mtoto asiyejua atafute neno gani kwenye faharasa, hata kwenye simu ataandika swali zima kama alivyopewa na mwalimu na kuchukua jibu la juu kabisa. Nimeliona hilo miaka na miaka.

fundi_mitandao
Mkuu kutokuwa na intaneti kusikutishe. Tafuta programu mbili, Kolibri na Kiwix, zote za bure na zimetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao. Kiwix inabeba Wikipedia nzima kwenye faili moja unalolishusha mjini ukaja nalo, ya Kiswahili ni ndogo tu, ya Kiingereza yenye picha ndio mzigo, inapita GB 90. Kolibri ina video na mazoezi ya hesabu na sayansi, unaiweka kwenye kompyuta moja inakuwa sava, zile 7 unaziunganisha kwa ruta ya kawaida bila hata bando. Maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) nayo ina vitabu vya kiada lakini hiyo mpaka uwe na intaneti, isome wewe ukiwa mjini.

Ngosha_wa_Ziwa
Watacheza gemu tu hao. Na LUKU ya umeme nani ananunua? Mkuu wa shule yuko sahihi kwa upande wake.

binti_kidato6
Ngosha hapana. Mimi nimemaliza juzijuzi tu, kwetu maktaba ilikuwa adhabu, ukichelewa namba unatumwa kufuta vumbi kule, basi miaka yote minne nikaijua kwa dasta. Tulikuwa tunabukua madesa tu. Nilipofika advansi nikaambiwa andika insha taja ulikotoa habari, nikaona giza, sikujua hata kitabu kina mwaka wa kuchapwa na kwamba ule mwaka una maana. Ticha, kompyuta 2 tu zikiwa wazi mchana hao watoto watakushukuru. Gemu watacheza wiki ya kwanza, ndio, waache wajifunze kushika mausi.

Ticha_wa_Kata
Mama Mkutubi shikamoo (kama ni baba unisamehe). Ufunguo kweli uko mfukoni mwangu, umenipata. Nitawapa viranja wawili wa kidato cha nne zamu ya mchana na rejista ya kuazima. Ijumaa naanza na wale 14, nawawekea meza moja kitabu, karatasi zao na Wikipedia, wagombane wenyewe nani kasema kweli na kwa ushahidi gani. Ngosha, habari ya LUKU nimeongea na mkuu, kakubali kompyuta 3 tu kwa sasa.

Fundi swali moja, nina flashi ya GB 128 mpya, nilijaribu kushusha ile ya Kiingereza isiyo na picha ikagoma katikati inasema faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu kabisa?

fundi_mitandao
Hiyo flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe kubwa vipi. Ifomati iwe exFAT, mfumo mpya zaidi usio na kikomo hicho, halafu rudia. Mimi nililipia kafe usiku mzima kabla ya kugundua hilo.

Mkutubi_Mstaafu
Marahaba, ni mama.