Tupeane uzoefu: mwili wako unapokugeuka

Mwenye mada (Kadutu, Bukavu)
Jambo wapendwa. Mimi nilitibiwa palu (malaria) miaka miwili. Homa, viungo kuuma, nywele zinabaki kwenye kitana. Nikienda kituo cha afya, palu. Nikirudi, tifoidi. Baka jeusi-jekundu lilipotanda mashavuni hadi juu ya pua, majirani wakanong'ona karuho, yaani nimelishwa sumu, na mama mkwe akaninywesha dawa ya kutapisha. Nilitapika mpaka nyongo, viungo havikujali. Mwishowe dokta mmoja akatuma damu ikapimwe mbali. Lupusi. Kinga yangu inapiga mwili wangu.

Sasa chekeni: dawa niliyoandikiwa, haidroksiklorokwini, ni ndugu ya ile klorokwini chungu ya utotoni. Palu sikuwa nayo, dawa ya palu nikaishia kuimeza kila siku!

Binti wa Himbi (Goma)
Pole dada. Mimi ni mwaka wa sita na lupusi. 2020 korona ilipoingia, watu waliigombania dawa hiyo hiyo, famasi zikaishiwa. Nikawa nakata vidonge nusu, na magoti yakanidai. Na macho je, umepima? Ukiimeza miaka mingi inaweza kuharibu retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho. Mimi napima kila mwaka.

Baba Watatu (Katuba, Lubumbashi)
Kwetu ni mtoto, kisukari aina ya kwanza. Kinga imemaliza seli za kongosho zinazotoa insulini. Ndugu wananiuliza ni nani alimpa sukari nyingi. Nimechoka kujibu. Umeme ukikatika, insulini tunaiweka kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa.

Mwanafunzi wa udaktari (Ibanda, Bukavu)
Kuna habari. 2021 huko Erlangen, Ujerumani, walimtoa binti wa miaka 20 mwenye lupusi kali chembe T za kinga, wakazibadili maabarani ziwinde chembe B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili zinazomshambulia, wakamrudishia. 2022 wakatangaza wagonjwa watano. Wote ugonjwa ulitulia, dawa wakaziacha. Lakini hao wa 2022 walikuwa watano tu, na kabla ya kurudishiwa chembe unapewa dawa kali za kansa. Msiuze shamba bado.

Mwenye mada
Shamba lenyewe liliishia kwa waganga, mwanangu. Binti wa Himbi, macho sijapima hata mara moja. Unapimia wapi? Nikipata nauli ya boti nitavuka.