Wauza vyuma acheni huu wizi! Nimeuziwa chuma laini kwa jina la 1095

Wakuu hili jambo nimekaa nalo wiki mbili, leo nalitoa hapa maana limenikaa kooni.

Mimi ni fundi visu, wateja wangu wengi ni wenye mabucha. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi na springi chakavu za magari na sijawahi kurudishiwa kisu kwa ajili ya chuma. Mwezi uliopita nikasema ngoja nipande daraja, ninunue chuma kipya chenye jina. Duka moja hapa Dar, jamaa ananiambia fundi hii ndo 1095 yenyewe, kile chuma cha kaboni nyingi cha kutengenezea visu, mzigo wa nje, na kweli pembeni imeandikwa 1095 kwa rangi nyeupe. Nikatoa laki nne na nusu kwa shiti ya milimita 4. Kwenye risiti kaandika "chuma" basi.

Tukakata visu 24. Siku ya kuchoma, yaani kuvipasha na kuvipoza ghafla viwe vigumu, mimi nilikuwa msibani Tanga, nikamwachia dogo wangu, narudi nakuta vimeshanolewa na wateja washachukua. Siku ya nne simu zikaanza. Makali yamelala. Mzee mmoja ananunua kwangu tangu naanza kazi, kaniletea kisu kimepinda kabisa, anasema kiligusa mfupa wa paja tu, hakunigombeza, kakiweka mezani akanyamaza. Bora angenitukana.

Nikamgeukia dogo. Nimemfokea wiki nzima, moto haukufika, umezubaa, umeniharibia jina. Yeye anasema kaka nilipima kwa sumaku mpaka ikaacha kushika, nikaongeza moto kidogo, ndo nikazamisha kwenye oili, alafu nikaweka kwenye oveni nyuzi 200 saa moja mara mbili. Sikumsikiliza. Na alikuwa sahihi kwa kila kitu, hilo ndo linaniuma kuliko hata hela.

Kwa wasiojua, hiyo namba sio urembo. 10 maana yake chuma cha kaboni tupu, 95 maana yake kaboni iko kwenye 0.95 kwa mia, inaruhusiwa kuanzia 0.90 hadi 1.03, manganizi (madini yanayosaidia chuma kukaza) 0.30 hadi 0.50, kinachobaki karibu chote ni chuma chenyewe. Ukikipasha mpaka nyuzi 800 hivi ukakipoza ghafla, kaboni inanasa humo ndani haipati muda wa kutoka, ndo ugumu wenyewe huo, kinafika 65 kwenye kipimo cha ugumu cha Rokwel, ukikirudishia moto mdogo kinashuka kwenye 60 na kinaacha kuvunjika ovyo. Chuma laini cha mageti kaboni yake kwa kawaida haifiki hata 0.25. Utakichoma mpaka kesho, hakuna cha kunasa!

Nimemrudia muuzaji, ananijibu kwa dharau "fundi hiyo oili yako ndo nzito". Sikatai, 1095 inasumbua, manganizi yake ni ndogo kwahiyo ina chini ya sekunde moja ya kushuka kupita nyuzi 540, ukichelewa hapo umeikosa, na oili chafu ya injini inaweza kukuangusha kweli. Kwahiyo nikarudi karakana nikachukua kipande cha shiti ileile, nikakichoma kwa mkono wangu, nikazamisha kwenye maji ya chumvi. 1095 halisi kwenye maji ya chumvi inakuwa kama kioo, mara nyingi inapasuka hapohapo. Hiki tupa inakila kama sabuni! Nikakibana kwenye vaisi nikakipiga nyundo, kikapinda kikatulia. Nikawasha grainda, nikaanza na tupa kuukuu, maana tupa ni chuma cha kaboni nyingi, cheche fupi nyingi zinapasuka matawi matawi kama maua. Nikaweka kipande cha shiti ya yule muuzaji, mistari mirefu imenyooka, matawi ya kuhesabu. Nikaweka kipande cha pembe ya geti, cheche zilezile. Dogo kasimama pembeni anaangalia, hajasema neno.

Na wanajua kabisa dukani huwezi kuwashika. Uzito ni uleule, gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, laini na kigumu hakuna tofauti ya kushika mkononi. Hata ukikikunja kidogo uone kinavyorudi, ukakamavu wao ni mmoja, gigapaskali 200 na kidogo. Tofauti inajionyesha baada ya moto, na ikifika hapo wewe ushalipa, ushakata, ushachonga, na jina linalochafuka ni la fundi sio la duka.

Ukiuliza cheti cha kiwandani chenye vipimo vya kaboni na namba ya myeyusho (ya tanuru kilikoyeyushwa) wanakuangalia kama umetukana. Mnauza kwa bei ya chuma chenye namba, namba mmeiandika wenyewe kwa brashi!

Visu vyote 24 narudisha hela, nimeshaanza na yule mzee. Dogo nimemwomba radhi mbele ya mafundi wenzake maana nilimfokea mbele yao. Kama kuna mtu hapa anauza 1095 au SK4 ya Mjapani inayofanana nayo, na cheti anacho mkononi, aje PM, nitakata kipande nikijaribu kwanza ndo nilipe.

Kesho saa tatu naenda tena pale dukani, nabeba grainda, ile tupa kuukuu na mabaki ya shiti yake. Nitaomba umeme niwashe cheche hapohapo mlangoni wateja wake waone.