Naomba ushauri: kupima joto la moto wa boila bila kuingiza kitu ndani

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha sukari, boila letu linachoma makapi ya miwa. Themokapo (vipima joto vya nyaya mbili za metali) za aina ya K hazikai. Ya mwisho nimeichomoa juzi, ncha imepinda na kumenyeka kama muhogo wa kuchoma. Na hata zikiwa nzima zinadanganya, maana ncha inapoteza joto kwa mnururisho kwenda kwenye mabomba ya maji, hivyo inasoma chini ya joto halisi la gesi.

Sasa nimevutiwa na njia ya sauti: unapima muda sauti inaotumia kuvuka tanuri, maana kasi yake hupanda na joto la gesi. Kwenye hewa ya nyuzi 20 sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 1,000 inafika kama 700. Tanuri letu lina upana wa mita 6, kwa hiyo ingevuka kwa milisekunde kama 8.6. Kupima muda huo si kazi. Kazi ni kelele za boila lenyewe, halafu makapi yakija mabichi mvuke unaongezeka na hesabu inahama.

Bosi yeye anataka leza, ile inayolinganisha mistari miwili ya ufyonzaji (urefu wa mawimbi ya mwanga unaomezwa) ya mvuke wa maji karibu na maikromita 1.4. Mimi naogopa majivu: vioo vyetu vya kuchungulia moto vinaziba ndani ya zamu moja!

Aliyewahi kufunga mojawapo, vioo mlivilindaje? Na kwa sauti, mlitumia spika au mpasuko wa hewa ya kompresa? Ramani ya moto wote siitaki, wastani tu unanitosha.