Naomba ushauri: mtaa wa wahamiaji kwenye mji wa kubuni, nauandikaje usiwe pambo?

Kalamu_ya_Mkaa
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya kifantasia, nimefika sura ya saba na nimekwama. Mji wangu unaitwa Zumari, bandari yenye joka mzee anayelala chini ya gati. Upande wa mashariki nimeweka mtaa wa wahamiaji, Wamiza, watu wa visiwa vilivyozama. Wana magamba shingoni, wanauza viungo, wanaimba usiku. Nikampa dada yangu asome. Akaniambia, "Mtaa wako kama banda la maonyesho ya Sabasaba, watu wamesimama wanangoja kupigwa picha." Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nipondeni, ila mniachie cha kuondoka nacho.

Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Wenye uzoefu waje.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, hao Wamiza waliposhuka, nani aliwapokea? Pwani hii mgeni hakushuka tu akafungua duka. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mfanyabiashara anachukuliwa na mwenyeji wake, analala kwake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Ukimpunja mgeni, au ukamuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo imebatilika. Hapo tu una sura tatu. Mwenyeji anakula kiasi gani? Akifa, mgeni wake anakuwa wa nani?

Halafu, kwa nini hawakuondoka? Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Ukichelewa kukusanya madeni yako, upepo haukusubiri, unakaa mpaka msimu mwingine, na miezi hiyo ndiyo watu huoa. Babu yangu mzaa mama, Mshihiri (Mwarabu wa Hadhramaut), alikuja Mombasa kwa msimu mmoja. Kaburi lake liko Mombasa.

Kalamu_ya_Mkaa
Shikamoo mzee. Visiwa vyao vimezama lakini, hawana pa kurudi.

Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Vilizama siku moja? Waliokuja kabla havijazama walikuja kufanya nini?

Mama_Duka_Isili
Mimi niko Nairobi. Wewe achana na magamba kwanza, tuonyeshe vyumba. Hapa Isili (kwenye ramani ni Eastleigh), Somalia ilipovunjika 1991, watu walipanga kwenye nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge. Mchana chumba ni duka, usiku ni malazi. Mteja anaingia kununua shuka, anakuta imetandazwa juu ya kitanda ambacho mwenye duka atakilalia jioni. Biashara ikakua mpaka nyumba yote ikawa soko, na masoko mengine yakafuata mfano huo. Na kabla ya hapo mtaa huu ulikuwa na Wahindi wengi. Kwa hiyo wako ulikuwa wa nani kabla ya Wamiza? Weka hata mlango mmoja wenye jina lililochongwa juu ambalo hakuna tena anayeweza kulisoma.

Mtani_wa_Kweli
Nampinga mama kidogo, kwa heshima. Ukiichukua Isili ukaibandika magamba, msomaji wa Nairobi atajua ukurasa wa kwanza na hatakusamehe. Na tafadhali, Wamiza wasiwe wote wezi wala wote mawalii. Mimi namtaka Mmiza mwenye nyumba anayewakamua kodi Wamiza wenzake huku akiwaambia "sisi ni ndugu". Huyo nimepanga kwake miaka minne, namjua.

Jingine ambalo waandishi wetu wanalisahau ni maiti. Dar ya zamani watu waliotoka bara walikuwa na vyama vya kuzikana, unachanga kidogo kidogo ili usije ukafa ugenini ukakosa sanda. Na ukiwa na watani, wanakuja msibani kuchekesha, wengine wanaingia kaburini wanagoma kutoka mpaka wapewe chochote. Mmiza akifa Zumari anapelekwa wapi? Anatoswa baharini "arudi kwao", au anafukiwa kama wenyeji? Nina hakika wazee na vijana wa mtaa huo wanagombana juu ya jambo hilo kila mwezi.

Kijana_wa_Kengeleni
Mtaa unaitwaje? Kibera ni "kibra", msitu kwa Kinubi, walivyopaita askari Wanubi kutoka Sudan waliokaa pale. Msitu umeisha, jina limebaki. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, ilivyopita midomoni mwa watu. Kwetu Kisauni, Mombasa, tunasema Kengeleni kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanza miaka ya 1870. Watu wanapita na matatu kila siku na wengi hawaitazami.

Kalamu_ya_Mkaa
Unaitwa… Mtaa wa Wahamiaji. Naona aibu. Naomba siku mbili.

Siti_ya_Mbele
Sijatoka.

Kalamu_ya_Mkaa
Nimerudi. Nimefuta kurasa kumi na moja. Mtaa sasa unaitwa Keshokutwa: Wamiza wa kwanza walikuja kuuza pilipili, kila walipoulizwa wataondoka lini walijibu "keshokutwa", wenyeji wakawacheka kwa neno hilo mpaka likawa anwani. Kipande kidogo:

*Kila Ijumaa Duma alipima vibaba viwili vya pilipili, akavipeleka kwa mjane wa aliyekuwa mwenyeji wa baba yake. Deni lilikwisha Duma angali mtoto. Mjane alipokea bila kumkaribisha ndani, akakung'uta kitambaa mlangoni, akamrudishia.*

Mama_Duka_Isili
Kile kitambaa! Sasa namwona huyo mwanamke. Magamba yako wapi?

Kalamu_ya_Mkaa
Yametajwa mara moja, kinyozi anapolalamika wembe wake kuisha makali.

Nahodha_Mstaafu
Kazi nzuri. Ila hiyo pilipili, mjane anaila yote?

Kalamu_ya_Mkaa
Anaiuza, mzee. Mnunuzi ni mkewe Duma.